Kovu la Mwaka 1964

Kasha lilikuwa darini. Ndani yake mlikuwa na besi nyepesi yenye umbo la fidla, iliyoundwa kwa ajili ya mpigaji wa mkono wa kushoto, na nyumba yenyewe ilikuwa Hastings, mji wa pwani ya kusini ya Uingereza. Ilikuwa mwaka 2023. Septemba ya mwaka huo, waandishi wawili na mtaalamu mmoja wa magitaa ya Höfner walikuwa wametangaza hadharani kwamba wanaitafuta besi ya kwanza ya Paul McCartney wa Beatles, iliyoibwa London Oktoba 1972. Tangazo likaifikia familia moja ya Hastings, nayo ikaanza kujiuliza kama kitu kilicholala juu ya vichwa vyao ndicho kinachotafutwa na dunia nzima.

Kuuliza ni rahisi. Kuthibitisha ndiyo kazi, maana besi za Höfner za umbo la fidla zimetengenezwa kwa wingi tangu miaka ya 1950, na kila aliyempenda McCartney alitaka ya kwake. Viwanda vingine navyo viliziiga. Mtu akija na besi ya namna hiyo na kusema ndiyo ile, utamwamini kwa kigezo gani?

Kigezo kilikuwapo, na hakikutoka kiwandani. Mwaka 1964 besi ya McCartney ilipelekwa kwa mafundi ikapakwa rangi upya, na pikapu zake mbili, yaani vile vinasa-sauti vya sumaku vinavyokaa chini ya nyuzi, zikafungwa ndani ya fremu moja ya mbao. Höfner haikutengeneza besi ya namna hiyo. Kwa hiyo kama ile ya Hastings ingekuwa safi, na rangi yake ya awali, kila skrubu mahali pake kama siku ilipotoka Ujerumani, ingekataliwa mlangoni. Ilikubaliwa kwa sababu ilikuwa na kiraka.

*

Kisa hiki kinaanzia kwenye umaskini wa kawaida wa vijana wanamuziki. Mwaka 1960 McCartney hakuwa mpiga besi. Alikwenda Hamburg, Ujerumani, na gitaa la Rosetti Solid 7, chombo cha bei rahisi ambacho, kwa simulizi zake mwenyewe, kilivunjikavunjika mikononi mwake baada ya muda mfupi. Alipolazimika kukifanya besi, alikifunga nyuzi za piano, ambazo wakati mwingine alizikata kwa plaizi kutoka kwenye piano ya ukumbi waliokuwa wakipigia. Mwenye ukumbi alifikiri nini, historia haisemi, lakini tunaweza kukisia.

Mpiga besi wa Beatles wakati huo alikuwa Stuart Sutcliffe, mchoraji, rafiki wa mwenzao John Lennon. Sutcliffe alipoamua kubaki Hamburg na uchoraji wake, aliachia nafasi ambayo hakuna aliyeitaka. Katika makundi ya wakati ule besi ilikuwa kazi ya anayebaki baada ya wengine kugawana solo na ridhim, na wazee wa muziki wa dansi huku kwetu watalitambua jambo hilo bila kuelezwa. McCartney akabaki. Kwanza aliazimwa besi ya Sutcliffe kwa sharti moja: asibadilishe mpangilio wa nyuzi. Yeye ni wa mkono wa kushoto, kwa hiyo aliipiga juu chini, nyuzi nene zikiwa zimekaa mahali pasipo pake.

Mwaka 1961 aliingia dukani kwa Steinway mjini Hamburg kununua ya kwake. Besi za Fender kutoka Marekani ziligharimu kama pauni 100. Wenzake walinunua vyombo kwa kulipa kidogo kidogo, lakini McCartney amesimulia mara nyingi kwamba baba yake alimlea na onyo moja kali: usiingie kwenye deni. Kwa hiyo alitafuta kitu cha pauni 30 hivi, akakipata. Sababu ya pili ilikuwa ya macho. Fidla ina mabega mawili yaliyo sawa, na besi ya umbo hilo ikigeuzwa upande wa kushoto haionekani kama koti lililovaliwa nje ndani.

Kwa hiyo besi iliyokuja kuwa maarufu kuliko zote duniani haikuchaguliwa kwa sauti. Ilichaguliwa na mfuko, na onyo la mzee, na aibu ya kijana mbele ya hadhira.

*

Walioiunda nao walikuwa watu waliokwisha kupoteza makao. Karl Höfner alianzisha kazi ya kutengeneza vyombo vya nyuzi mwaka 1887 huko Schönbach, mji ambao leo unaitwa Luby na upo Cheki. Baada ya Vita Kuu ya Pili, wakazi wenye asili ya Kijerumani walifukuzwa eneo hilo, na mafundi wakahamia Bavaria, wengi wao wakipata makazi katika kijiji cha Bubenreuth. Walihama na ujuzi wa fidla vidoleni. Walter Höfner, mtoto wa Karl, alipobuni besi ya umeme katikati ya miaka ya 1950, aliibuni kwa lugha aliyoijua: sanduku lenye uwazi ndani, uso wa msprusi, mgongo na mbavu za mti wa mepo, shingo iliyounganishwa kwa gundi. Ikapewa namba 500/1 na kuingia sokoni mwaka 1956.

Ubunifu huo una matokeo kwa fundi atakayekuja baadaye. Kwenye besi ya Fender, iliyoingia sokoni mwaka 1951, ubao ni mmoja mzima na shingo imefungwa kwa skrubu nne. Mwenye bisibisi anaweza kuing'oa shingo jioni na kuweka nyingine kabla ya onyesho. Höfner haikubali ubabe huo. Shingo ikisogea, gundi ndiyo itakayojadiliwa, na gundi haina haraka. Kisha kuna daraja, kile kipande cha mbao kinachobeba nyuzi juu ya tumbo. Katika Höfner daraja halijagongomewa popote. Limekaa kwa mgandamizo wa nyuzi tu, kama mtungi kichwani mwa mama anayetoka kisimani, na juu yake kuna mifereji midogo ambamo huchomekwa vipande vya waya mgumu ili kila uzi uwe na urefu wake sahihi. Ukizifungua nyuzi zote nne kwa pamoja, daraja linaanguka. Ukilirudisha milimita mbili nje ya mahali pake, besi haitapatana na mtu.

Kutopatana huko hakusikiki pote. Uzi ukipigwa bila kubanwa huweza kuwa sawasawa kabisa, lakini ukiubana katikati ya shingo, kwenye freti ya 12 (freti ni vile vipande vyembamba vya chuma vinavyokatiza shingo), ambapo unapaswa kutoa sauti ileile oktava moja juu, unatoa kitu kilichopinda kidogo. Mpigaji anayekaa karibu na kichwa cha shingo haoni tatizo. Anayependa kupanda, kama McCartney alivyokuja kupenda, anaumia. Jambo hili litarudi.

*

Tarehe 6 Juni 1962 Beatles waliingia kwa mara ya kwanza studio za EMI zilizo barabara ya Abbey Road, London. Besi ilikuwa nzima. Kilichokuwa kibovu ni amplifaya. Ilinguruma na kukoroma kiasi kwamba mafundi wa studio walikataa kurekodi nayo. Mmoja wao, Ken Townsend, alikwenda akachukua spika kubwa ya Tannoy kutoka chumba cha mwangwi, akalehemu tundu la waya kwenye amplifaya ya studio, na kijana wa Liverpool akapiga kupitia mtambo wa kuungaunga uliobuniwa dakika zile zile. Amplifaya ya Lennon nayo ilifungwa kamba ili isitikisike.

Inafaa kuitazama siku hiyo kwa utulivu. Wanaotafuta siri ya sauti ya zamani hutumia fedha nyingi kununua vitu vya mwaka ule ule, rangi ile ile, herufi zile zile kichwani mwa gitaa. Lakini katika siku ya kwanza kabisa ya Beatles mbele ya maikrofoni za EMI, sauti ilipatikana kwa sababu mtu mmoja alikuwa na kifaa cha kulehemu na hakuogopa kukitumia.

Besi hiyo ndiyo iliyopiga katika Love Me Do na She Loves You. Ilifanya kazi usiku na mchana, ikapakiwa kwenye magari, ikavuja jasho la kumbi za chini ya ardhi. Mwishoni mwa 1963 McCartney alipata Höfner ya pili, mpya, ambayo pikapu zake zimeachana zaidi, na hiyo ndiyo Wamarekani waliiona kwenye televisheni Februari 1964. Ya kwanza, ikiwa na miaka mitatu tu lakini imechakaa kama ya thelathini, ikapelekwa kutengenezwa.

Leo wauzaji wa vyombo vya kale wana kanuni ya mdomo: gitaa likipakwa rangi upya, thamani yake huanguka kwa karibu nusu. Kwa sheria hiyo kilichotendeka mwaka 1964 ni dhambi. Rangi ya awali ilifunikwa, ikaja nyingine nzito zaidi, nyeusi pembeni na kung'aa kuelekea katikati. Fremu za pikapu zikaondolewa. Lakini hakuna aliyekuwa akitunza kumbukumbu. Mafundi walipewa zana ya kazi iliyochoka, wakairudisha ikiwa na uwezo wa kufanya kazi tena, vile vile manahodha wetu wanavyopandisha jahazi ufukweni kulikalafati na kulipaka sifa kabla ya msimu wa pepo. Hakuna anayelia kwamba jahazi limepoteza uasili wake. Kinachoulizwa ni kama linavuja.

*

Si McCartney peke yake aliyetendewa hivyo na wakati, na wenzake wengine walikwenda mbali zaidi.

John Entwistle wa The Who alipiga katika kundi lililogeuza kuvunja vyombo jukwaani kuwa sehemu ya onyesho. Mwaka 1967, akiwa na mabaki ya besi tano za Fender Precision, alikaa katika chumba cha hoteli na bisibisi na kifaa cha kulehemu, akatoa mwili huku, shingo kule, pikapu kwingine, akapata besi moja. Akaiita Frankenstein. Hapa ndipo skrubu nne za Fender zilipojilipa: mafundi wa Bubenreuth wasingeweza kumfanyia hivyo hata kwa wiki nzima. Besi hiyo ya makombo ikawa mojawapo ya vyombo alivyovipenda zaidi, na baada ya kufa kwake iliuzwa kwa mnada mjini London mwaka 2003 kwa zaidi ya pauni 60,000. Wenye kanuni ya nusu-bei wajieleze.

Chris Squire, mpiga besi wa kundi la Yes, alikuwa kijana wa duka la muziki la Boosey & Hawkes aliponunua besi yake ya Rickenbacker mwaka 1965 kwa punguzo la wafanyakazi. Enzi za mahipi na maua zilipopamba moto, aliibandika karatasi ya ukutani. Baadaye akaibandua, akabandika nyingine, akaibandua tena, na kila alipobandua, msasa ulipita juu ya mbao. Mwisho wake ikapakwa rangi ya krimu inayoonekana katika picha za miaka ya 1970. Squire mwenyewe aliamini kwamba msasa ule ulipunguza mbao kiasi cha kuifanya besi iwe nyepesi kuliko dada zake wa kiwandani, na kwamba hapo ndipo ulipotoka ule mlio mkali unaokata katikati ya ngoma na kinanda kama wembe. Aliigawa pia mikondo yake ya umeme, pikapu moja kwenye amplifaya hii, ya pili kwenye ile. Alinunua nakala kadhaa za Rickenbacker maishani. Hakupata nyingine yenye sauti ile.



Halafu yupo Jaco Pastorius, ambaye wapenzi wa jazi na wapenzi wa roki hugombania kumwita wao. Besi yake ilikuwa Fender Jazz ya mwaka 1962. Freti zake ziling'olewa. Wakati mwingine Jaco alisimulia kwamba alizing'oa mwenyewe kwa kisu cha siagi, wakati mwingine kwamba aliinunua ikiwa imekwisha ng'olewa vibaya, na huenda alifurahia kuwaacha watu na hadithi mbili. Kisichobishaniwa ni alichokifanya baadaye. Alijaza mifereji ya freti kwa lipu ya mbao, kisha akaipaka shingo tabaka kadhaa za epoksi ya boti, ile inayokusudiwa kuzuia maji ya bahari. Sababu ilikuwa ya kifundi kabisa: nyuzi zake zilikuwa za waya uliozungushiwa waya, mkwaruzo wake kama tupa, nazo zingeitafuna mbao tupu kwa miezi michache. Epoksi ilikinga mbao, na wakati huo huo ikazipa noti mwangaza na uhai wa kuimba ambao besi isiyo na freti haikuwahi kuwa nao. Dawa ya kuzuia uharibifu ikazaa sauti mpya, na sauti hiyo ilipotoka kwenye albamu yake ya mwaka 1976 wapiga besi wengi walianza kuzitazama freti zao kwa jicho baya.

Maisha ya Jaco yalivunjika kabla ya kwisha, na besi ilivunjika pamoja nayo. Katikati ya miaka ya 1980 ilipondwa ikawa vipande. Mafundi wawili wa Marekani, Kevin Kaufman na Jim Hamilton, waliviokota vipande hivyo, wakaviunga kimoja kimoja, wakafunika mwili kwa utando mwembamba wa mbao mbele na nyuma ili mishono ishikane. Jaco hakuifaidi muda mrefu. Mwaka 1986 iliibwa New York, kwenye bustani ya mjini, na mwaka uliofuata, tarehe 21 Septemba, mwenyewe akafa akiwa na umri wa miaka 35. Ilipoibuka tena miaka 20 hivi baadaye, swali la Hastings lilikuwa limeulizwa kwanza New York: ni yenyewe? Jibu lilisomwa kwenye mishono. Mtu anaweza kuiga Fender ya 1962. Kuiga mistari ya Fender ya 1962 iliyopasuka kwa ghadhabu, kisha ikaungwa na mikono miwili inayojulikana, ni kazi ya kichaa. Mwaka 2010 Robert Trujillo, mpiga besi wa Metallica, alisaidia kwa fedha zake ili familia ya Jaco isiipoteze tena.

*

McCartney naye hakuwa mtunzaji mwaminifu kila mara. Rickenbacker aliyopewa Marekani mwaka 1965 aliipaka michoro ya rangi rangi mwaka 1967, kama ilivyokuwa desturi ya msimu, kisha msimu ulipopita akaipitisha msasa hadi mbao ikabaki uchi. Picha za miaka ya 1970 zinaionyesha hivyo, imekonda kidogo mabegani. Ni sahihi kusema kwamba alikuwa akifikiri kama mtumiaji, na mtumiaji ana haki zake. Lakini kuna tofauti kati ya msasa wa Squire na epoksi ya Jaco. Mmoja aliondoa na hakuweza kurudisha. Kama sauti ingeharibika badala ya kunoga, asingekuwa na njia. Mwingine aliongeza juu. Mafundi wazoefu huanza na kinachoweza kutenduliwa, na ni busara ya kazi inayohesabika kwa milimita.

Mfano mzuri zaidi wa busara hiyo ni Höfner ya pili, ile ya 1963. Baada ya Beatles kuvunjika, McCartney aliiweka pembeni kwa miaka mingi. Sababu ilikuwa ile iliyotajwa mapema: ikipandishwa shingoni haikupatana. Alipofanya kazi na mwanamuziki Elvis Costello kwa ajili ya albamu iliyotoka mwaka 1989, Costello alimshawishi airudishe. Baadaye besi ilipelekwa kwa Mandolin Brothers, mafundi wa New York, wakashughulikia upatanisho wake tu. Rangi haikuguswa. Mbao haikupigwa msasa. Tatizo lililomfanya mtu aache chombo kwa karibu miaka 20 lilimalizwa katika eneo lisilozidi upana wa kidole, pale nyuzi zinapokaa juu ya daraja. Tangu hapo McCartney amezunguka nayo dunia nzima.

Ukiitazama kwa karibu jukwaani, ubavuni mwake kuna karatasi chakavu iliyobandikwa kwa utepe. Ni orodha ya nyimbo za onyesho la mwisho la Beatles mbele ya watu waliolipa kiingilio, Candlestick Park, San Francisco, tarehe 29 Agosti 1966. Mtu aliibandika ili asisahau wimbo unaofuata.

*

Besi ya kwanza haikupata bahati hiyo. Usiku wa tarehe 10 Oktoba 1972 iliibwa ndani ya gari la vifaa la Wings, kundi la McCartney baada ya Beatles, mitaa ya Notting Hill, London. Ikapita mikono, ikafika kwa mwenye baa, ikaishia darini kwa kizazi kingine. Methali ya Kiswahili inasema mali bila daftari hupotea bila habari, na kwa zaidi ya miaka 50 ilionekana kana kwamba imetungwa kwa ajili ya besi hii. Isipokuwa daftari lilikuwapo. Lilikuwa limetawanyika katika picha: besi ikiwa mpya Liverpool na Hamburg, besi ikiwa imepakwa upya baada ya 1964, besi ndani ya filamu za mazoezi ya Januari 1969, pikapu zake zikiwa ndani ya ile fremu moja ya mbao. Watafutaji walizitegemea picha hizo. Walijua kwamba umma ukitafuta besi ya picha za 1961 utaipita ile halisi, kwa hiyo wakawaelekeza watu watazame kazi ya fundi.

Desemba 2023 ilirudishwa kwa mwenyewe, ikiwa ndani ya kasha lake la awali. Höfner waliithibitisha, na tarehe 15 Februari 2024 habari ikatangazwa. Haikuwa tayari kupigwa. Nusu karne ya darini, penye joto la kiangazi na baridi la Januari, si rafiki wa sanduku jembamba la mbao na shingo ya gundi.

Hapo ndipo swali gumu la fundi lilipoanza. Irudishwe mwaka gani? Mtu mwenye mkono mzuri angeweza kuikwangua rangi ya 1964, kuifanya kama siku ilipotoka Steinway, kutafuta fremu za pikapu za enzi ile na kuzifunga. Ingependeza sana. Ingefanana na picha za Hamburg. Na ingepoteza ushahidi wa pekee uliowafanya watu wa Hastings, Höfner na McCartney wakubaliane kwamba ni yenyewe. Kwa maoni ya mwandishi huyu, hilo lingekuwa wizi wa pili, tena wa mchana. Besi hii ilikuwa ya rangi ya awali kwa miaka mitatu tu. Imekuwa ya rangi ya 1964 kwa zaidi ya miaka 60.

Haikukwanguliwa. Ilitengenezwa kwa kiwango cha kuweza kupigika, ikaachwa na sura yake.

Msomaji mwenye gitaa la baba au la mjomba, lililopigiwa harusi na dansi za zamani, na ambaye anawaza kulipeleka kwa fundi likarudi linang'aa: lipige picha kwanza, mbele, nyuma, ndani ya tundu, kila ufa na kila skrubu isiyofanana na wenzake. Kisha mwambie fundi unataka lipatane. Rangi mzungumze siku nyingine.

Tarehe 19 Desemba 2024, katika ukumbi wa O2 mjini London, McCartney, akiwa na umri wa miaka 82, alimkaribisha Ronnie Wood wa Rolling Stones jukwaani, akaletewa besi ndogo ya fidla yenye pembe nyeusi na pikapu mbili ndani ya fremu moja ya mbao. Aliwaambia watu kwamba hajaipiga kwa miaka 50. Wakapiga Get Back.